Data zenye makundi au vipimo vya kurudia: jinsi ya kuzichambua kwa modeli ya ngazi nyingi, hatua kwa hatua

Kuna kosa moja naliona kila wakati kwenye tasnifu na ripoti na linaniuma kweli, maana mtu amehangaika miezi kukusanya data halafu anakuja kuziharibu dakika ya mwisho kwenye uchambuzi. Ana wanafunzi 1200 kutoka shule 40, au wagonjwa waliopimwa presha mara sita sita, anachukua mistari yote anaitupa kwenye rigresheni ya kawaida kama vile kila mstari ni mtu ambaye hana uhusiano na mwingine. Sasa wanafunzi wa shule moja wanafanana bana, wana walimu walewale, mazingira yaleyale, na vipimo sita vya mgonjwa mmoja vinafanana zaidi maana ni mwili uleule.

Hebu tupige hesabu kidogo. Shule 40, kila moja wanafunzi 30, na tuseme asilimia 10 tu ya tofauti za alama inatokana na shule aliyopo mtu. Unachukua 1 + (30 - 1) × 0.1 unapata 3.9. Hiyo maana yake kama unapima kitu ambacho kimepangwa kwa shule nzima, mfano njia mpya ya kufundishia, gawanya 1200 kwa 3.9, wale wanafunzi wako 1200 wana taarifa sawa na wanafunzi kama 308 hivi wasiohusiana. Na hapo shule ilikuwa inachangia asilimia 10 tu, kiasi ambacho ukichora grafu hata hukioni.

Modeli ya ngazi nyingi ndo dawa. Wengine wanaiita modeli mseto, wengine modeli ya athari nasibu, wengine modeli ya kihierakia, usichanganyikiwe, ni ndugu wa familia moja. Nitaelekeza kwa R (programu ya takwimu) na kifurushi chake cha lme4 kwa sababu ni bure, ila Stata wana mixed, SPSS wana MIXED, SAS wana PROC MIXED, na kwenye Python ipo statsmodels, mantiki ni ileile kote.

Mfano nitakaotembea nao upo ndani ya lme4 yenyewe kwa hiyo unaweza kufuata ukiwa na kompyuta mbele yako. Watu 18 walinyimwa usingizi, wakawa wanaruhusiwa kukaa kitandani masaa 3 tu kwa usiku, na kila siku wanapimwa muda wao wa kuitikia kwa milisekunde, siku 10 (zimeandikwa 0 hadi 9), jumla mistari 180. Mi napenda kubadilisha majina ya kolamu yawe ya kwangu:

library(lme4)
usingizi <- sleepstudy
names(usingizi) <- c("muda", "siku", "mtu")

Hatua ya 1: chukua karatasi, andika nani yuko ndani ya nani

Usifungue programu kwanza. Jiulize mstari mmoja wa data zako ni nini hasa, halafu jiulize nini kinajirudia. Kwenye mfano wetu mstari ni kipimo kimoja cha siku moja, na kinachojirudia ni mtu, kwa hiyo ngazi ya 1 ni kipimo, ngazi ya 2 ni mtu. Wanafunzi ndani ya darasa ndani ya shule, hizo ngazi tatu.

Halafu kuna makundi yanayokatizana, na hapa watu wengi wanateleza. Tuseme watu 30 wote wamesoma maneno yaleyale 40 kwenye skrini na ukapima muda. Majibu ya mtu mmoja yanafanana, lakini pia majibu ya neno moja yanafanana, neno gumu ni gumu kwa kila mtu. Neno haliko ndani ya mtu na mtu hayuko ndani ya neno, vimekatizana, unaandika (1 | mtu) + (1 | neno) vyote viwili, yaani kila mtu ana mwanzo wake na kila neno lina mwanzo wake. Ukisahau neno, matokeo yako yanahusu maneno yale 40 tu na sio lugha, hata kama kichwani ulikuwa unataka kuzungumzia lugha.

Ukimaliza hapo, mbele ya kila kigezo chako andika kiko ngazi gani. Jinsia ya mwanafunzi iko ngazi ya mwanafunzi, ukubwa wa shule uko ngazi ya shule. Kitu chenye makundi mawili au matatu tu (jinsia, mkoa ukiwa na mikoa mitatu) usikifanye athari nasibu (zile unazoandika kwa alama ya |), huwezi kukadiria varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, kwa vitu vitatu, kiweke kama kigezo cha kawaida.

Hatua ya 2: data ziwe ndefu, sio pana

Ukiwa na kolamu siku0, siku1, siku2 na kuendelea, zigeuze, kila kipimo kiwe na mstari wake. Kwenye R kuna pivot_longer ya tidyr inafanya hiyo kazi.

Angalia namba za utambulisho. Kama kila shule ina "darasa 1" na "darasa 2" na wewe ukaandika (1 | shule) + (1 | darasa), programu itadhani darasa 1 la shule zote ni darasa moja kubwa lililosambaa kila mahali, na haitakuonya. Ama andika (1 | shule/darasa) ama, na hii mi ndo naipenda zaidi, tengeneza namba ya kipekee kwa kila darasa mapema kabisa.

Kuhusu data zilizokosekana, hapa modeli hii inaishinda ANOVA ya vipimo vya kurudia (njia ya zamani ya kulinganisha wastani) kwa mbali. Ile ANOVA ya zamani mtu akikosa kipimo kimoja anatupwa mzima mzima, huku mtu anabaki na vipimo alivyonavyo, na siku za kupimwa hazilazimiki kufanana kwa kila mtu. Ila usije ukadhani ni muujiza, kama watu wanaacha kuja kwa sababu ambayo huna popote kwenye data zako (mfano wanazidiwa na ugonjwa na wewe hujapima hali yao) basi makadirio yatapinda tu.

Hatua ya 3: chora kila mtu peke yake

Kiboksi kimoja kwa kila mtu, siku chini, muda wa kuitikia juu. Kwa data zetu utaona wengi wanapanda siku zinavyoenda, lakini kila mtu na mwendo wake. Mshiriki namba 308 anapanda kwa kasi ya ajabu, namba 309 karibu hasogei, na namba 335 mstari wake unashuka kabisa. Hiyo picha tayari imekuambia modeli itakuwaje: watu wanaanzia sehemu tofauti, na wanapanda kwa kasi tofauti. Kariri hivyo vitu viwili.

Hatua ya 4: modeli tupu

lmer(muda ~ 1 + (1 | mtu), data = usingizi)

Hakuna kigezo chochote, unaiuliza tu tofauti zote zimegawanyikaje. Utapata varianzi kati ya watu kama 1278 na iliyobaki ndani ya mtu kama 1959. Gawanya 1278 kwa jumla ya zote mbili unapata 0.39, hiyo ndo korelesheni ya ndani ya kundi, yaani karibu asilimia 39 ya tofauti zote ni tofauti za mtu na mtu.

Sasa ngoja, kwa vipimo vya kurudia hii namba isomwe kwa uangalifu. Ile 1959 imebeba kelele pamoja na kupanda kwenyewe kwa siku 10. Ukiongeza siku kwenye modeli, varianzi ya mabaki (ile iliyobaki ndani ya mtu) inashuka hadi kama 960 na varianzi ya watu inakuwa kama 1378, ukigawanya tena unapata 0.59. Watu ni walewale, hakuna aliyebadilika, ila umeondoa sehemu ya mvurugano iliyokuwa na maelezo. Kwa hiyo ukiandika korelesheni ya ndani ya kundi sema ni ya modeli ipi.

Na tafadhali, ikitoka ndogo, 0.03 au 0.05, usikimbilie kusema basi naacha ngazi. Rudi kwenye ile hesabu ya juu, weka 0.05 na makundi ya watu 100, unapata 1 + 99 × 0.05, karibu 6. Muundo wa data ndo unaamua kama ngazi ipo, sio hiyo namba.

Hatua ya 5: weka kigezo, halafu uamue kuhusu mteremko

Hapa ndo moyo wa kazi yote, naomba usome taratibu. Endesha hizi tatu:

lm(muda ~ siku, data = usingizi)
lmer(muda ~ siku + (1 | mtu), data = usingizi)
lmer(muda ~ siku + (siku | mtu), data = usingizi)

Ya kwanza ni rigresheni ya kawaida. Ya pili inaruhusu kila mtu aanzie sehemu yake lakini inalazimisha wote wapande kwa kasi moja. Ya tatu inaruhusu kila mtu na mwanzo wake na kasi yake, hiyo kasi ndo mteremko, na ikitofautiana mtu na mtu tunaiita mteremko nasibu.

Zote tatu zinakupa jibu lilelile la wastani: mwanzo 251.4, na kila siku inaongeza milisekunde 10.47. Mtu anaweza kusema kumbe hazina tofauti. Angalia kosa sanifu (kipimo cha jinsi kadirio lisivyo na uhakika) la hiyo 10.47: ya kwanza 1.24, ya pili 0.80, ya tatu 1.55. Ya tatu ni karibu mara mbili ya ya pili!

Kwa nini? Modeli ya pili imetoa tofauti za mwanzo kati ya watu, kwa hiyo kelele imepungua, sawa, lakini kwa kuwa imeamini watu wote wana kasi moja inahesabu mistari yote 180 kama ushahidi wa hiyo kasi moja. Ukweli ni kwamba kasi ziko 18, kila mtu ya kwake, na wewe unataka kusema kitu kuhusu watu kwa ujumla, ambao hawa 18 ni sampuli tu. Unaweza kuhakikisha kwa mkono: endesha rigresheni 18 tofauti, moja kwa kila mtu, chukua miteremko 18, tafuta mkengeuko sanifu wake, yaani kipeuo cha pili cha varianzi (ni kama 6.56), gawanya kwa kipeuo cha pili cha 18. Unapata 1.55, ileile ya modeli ya tatu. Mi nilipoifanya hiyo hesabu kwa mara ya kwanza ndo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakikariri tu, kwa hiyo kama una dakika kumi ifanye na wewe.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kigezo chako kikuu kama kinabadilika ndani ya kundi (siku ndani ya mtu, dozi ndani ya mgonjwa, masaa ya kusoma ndani ya shule), kipe mteremko nasibu. Kigezo ambacho hakibadiliki ndani ya kundi, mfano ukubwa wa shule kwa kundi la shule, hakiwezi kuwa na mteremko nasibu kwa hiyo shule, hakuna cha kukadiria. Sisemi uweke miteremko kwa kila kitu kilichopo kwenye data, utajaza modeli mpaka igome, nasema kile ambacho hitimisho lako linakisimamia.

Hatua ya 6: sifuri yako iko wapi, na kigezo kimoja kinaweza kuwa viwili

Ile 251.4 ni muda wa kuitikia pale siku = 0, na varianzi ya mwanzo pia ni varianzi pale kwenye sifuri. Ukiwa na kigezo kama umri, sifuri ni mtoto mchanga, haina maana kwenye utafiti wa watu wazima, toa wastani kwanza. Hata mfano wetu una somo hapa, siku 0 na 1 zilikuwa za kuzoea na mafunzo, siku ya 2 ndo kipimo cha msingi, kunyimwa usingizi kulianza baada ya hapo. Mi nimetumia siku zote 10 ili namba zako zifanane na zangu, ila kwa utafiti wa kweli ungetoa zile mbili za mwanzo na kuanza kuhesabu upya toka siku ya 2.

Kitu kingine kikubwa zaidi. Chukua mazoezi na mapigo ya moyo. Watu wanaofanya mazoezi sana wana mapigo ya chini wakiwa wametulia, hiyo ni tofauti kati ya watu. Lakini mtu yuleyule akiwa katikati ya mazoezi mapigo yake yanapanda, hiyo ni ndani ya mtu. Kigezo kimoja, pande mbili zinazokwenda kinyume, na ukikiweka kama kilivyo modeli inakupa mchanganyiko wa zote mbili ambao haujibu swali lolote. Suluhisho ni rahisi: tengeneza kolamu mbili, moja wastani wa mtu, nyingine kipimo kutoa wastani wa mtu huyo, weka zote mbili kwenye modeli. Mchumi Mundlak alishaeleza wazo hili mwaka 1978 na mpaka leo watu wanapishana nalo. Kwa siku kwenye mfano wetu haisumbui maana kila mtu ana siku zilezile, wastani unafanana.

Hatua ya 7: modeli ikigoma

Utakutana na maneno mekundu. Ukiona singular, maana yake varianzi fulani imekadiriwa sifuri au korelesheni ya mwanzo na mteremko imegota kwenye 1 au -1. Modeli inakuambia data hazitoshi kwa ulichoomba. Anza kwa kuondoa hiyo korelesheni, unaandika mistari miwili badala ya mmoja, (siku || mtu), ikikataa bado ndo uangalie mteremko upi wa ziada utoke, na uandike kwenye ripoti kwamba uliutoa na kwa nini. Ikiwa ni kushindwa kufika mwisho wa makadirio, mara nyingi ni vigezo vyenye skeli zinazopishana mno, kimoja ni mamilioni kingine ni desimali, vipunguze viwe na skeli moja kisha jaribu tena, au tumia allFit ambayo inajaribu njia kadhaa za kukadiria, zikikupa jibu moja una amani.

Kubadilisha modeli mpaka thamani ya p ipendeze usifanye.

Hatua ya 8: kupima na kulinganisha

lme4 haikupi thamani ya p kwa makusudi, kwa sababu digrii za uhuru (idadi ya taarifa huru inayotumika kupata hiyo p) hapa hazina jibu moja lililo wazi. Pakia kifurushi cha lmerTest utapata makadirio ya hizo digrii kwa njia ya Satterthwaite, au tumia njia ya Kenward na Roger ambayo inasaidia sana makundi yakiwa machache.

Ukilinganisha modeli mbili zenye vigezo vya kudumu tofauti (vile vya wastani wa wote, kama siku) tumia ML na sio REML, ni njia mbili za kukadiria na lmer hutumia REML usipobadilisha, anova ya lme4 inakufanyia yenyewe, lakini kwa namba za mwisho za ripoti rudi REML maana ML inapunja varianzi. Ukipima kama varianzi moja ni sifuri, kumbuka varianzi haiwezi kwenda chini ya sifuri, kwa hiyo thamani ya p ya kawaida inakuwa kubwa kuliko inavyotakiwa.

Makundi yakiwa chini ya matano sita, sahau varianzi ya makundi, weka kila kundi kama kigezo cha kawaida. Na kuongeza watu ndani ya makundi yaleyale hakusaidii kama kuongeza makundi, hii ijue kabla hujaenda kukusanya data.

Hatua ya 9: kagua

Chora mabaki dhidi ya makadirio, chora athari za kila mtu uone kama kuna aliyejitenga peke yake. Vipimo vikiwa vya karibu karibu kwa muda, cha leo kinaweza kufanana na cha jana hata baada ya kutoa mstari wa mtu, hapo njia rahisi ni kuhamia kifurushi cha nlme uweke corAR1, inayoruhusu vipimo vinavyofuatana vifanane. Matokeo yakiwa ndiyo au hapana, tumia glmer badala ya lmer.

Angalia pia coef(modeli). Mshiriki 335 ukimfanyia rigresheni peke yake mteremko wake ni -2.88, lakini modeli inampa -0.28. Wengine wanadhani ni kosa. Modeli imemvuta kuelekea wastani kwa kuwa ana vipimo 10 tu na wenzake wengi wanapanda, kwa hiyo inaamini sehemu ya huko kushuka ni kelele. Mwenye data chache anavutwa zaidi, mwenye data nyingi anaachwa karibu na alipo. Ukitaka kutabiri mtu huyu atakuwaje, hiyo -0.28 mi ningeiamini kuliko ile ya peke yake.

Hatua ya 10: kuandika

Andika idadi ya ngazi zote mbili (watu 18, vipimo 180), fomula nzima ikiwa na miteremko, ulichotoa njiani, na varianzi, maana watu wengi wanaandika vigezo vya kudumu tu wanaacha nusu ya habari. Kwa mfano wetu ningeandika hivi:

"Kwa wastani muda wa kuitikia uliongezeka milisekunde 10.47 kwa siku (kosa sanifu 1.55). Watu walitofautiana sana: mkengeuko sanifu wa mteremko ulikuwa 5.92, hivyo kwa mujibu wa modeli karibu asilimia 95 ya watu wana mteremko kati ya -1 na 22 kwa siku. Mkengeuko sanifu wa mwanzo ulikuwa 24.7 na wa mabaki 25.6. Korelesheni ya mwanzo na mteremko ilikuwa 0.07, yaani aliyeanza akiwa mwepesi hakuwa na kinga yoyote ya kuonekana dhidi ya kukosa usingizi."